Pini Sitini na Nne

Jumatatu, 11 Machi

Nani aliwaambia meza yangu ya kulia ni karakana? Nauliza humu daftarini kwa sababu nimeuliza kwa mdomo tangu saa nne asubuhi na hakuna aliyenijibu. Mjukuu wangu anacheka tu. Nimemlea mwenyewe, kwa hiyo lawama nyingine nitajipa mimi.

Mvua imeingia karakanani kwao, maji yamefika magotini, na leo wamehamia kwangu watu wazima watatu na mizigo yao, eti nyumba yangu iko juu. Iko juu kwa sababu mimi na marehemu tulibeba mawe ya msingi kwa mikono yetu. Hatukuyabeba ili uzeeni nipakate sahani kama mgonjwa.

Waliokuja ni hawa. Wa kwanza ni mjukuu, mke mwenzangu, maana babu yake alikuwa akimwita mchumba mbele yangu bila haya. Anaunganisha bodi za umeme. Wa pili ni Bosi wao, mwanamke wa buti za mpira na simu mbili, ambaye anakuamkia huku macho yake yako ukutani yanatafuta soketi. Wa tatu ni mwanamume wa makamo asiyesema. Nilimuuliza habari za njiani, akasema, "Njema." Nikamuuliza mvua huko ikoje, akasema, "Ipo." Nimempa jina la Kimya. Asipolipenda na aseme.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimeelezwa. Hospitali ya akina mama imewaagiza maboksi ishirini ya joto, yale wanamolazwa watoto njiti, na yanatakiwa kabla Aprili haijaisha. Ndani ya kila boksi kuna kidhibiti cha joto, na ndani ya kidhibiti kuna aisii tano. Aisii ni kidude cheusi, bapa, saizi ya kifungo cha shati, chenye miguu pande zote nne. Miguu sitini na nne! Nilidhani jongoo ndiye aliyepitiliza.

Sasa aisii zenyewe ni za akiba ya zamani, nzima zimechanganyika na mbovu, na kwa macho huwezi kuzijua. Nikauliza, mbovu ikipita itakuwaje?

"Boksi litadhani mtoto ana baridi, Bibi, kumbe anaungua," mjukuu akasema.

Nikaondoa kitambaa cha meza mwenyewe.

Kinachozipima wanakiita testa. Ni sanduku la chuma mithili ya kasha la viatu, lina kifuniko chenye bawaba na komeo. Chini ya kifuniko kuna kijishimo cha mraba, na ndani yake pini sitini na nne, nyembamba kuliko sindano yangu ya taraza, kila moja imekaa juu ya springi yake. Unalaza aisii, unafunga komeo, kila pini inagusa mguu wake. Taa ya kijani, nzima. Nyekundu, mbovu. Kimya ndiye aliyeitengeneza. Alitoboa kila tundu kwa mkono, miezi minane. Ningemsifu, lakini alikuwa amekalia kiti changu.

Testa ina daftari lake. Kila siku wanaandika tarehe, hali ya hewa, ngapi kijani, ngapi nyekundu. Basi nami nikatafuta langu, hili. Sanduku la chuma liwe na daftari, mimi nimekosa nini? Shule niliacha darasa la nne, ila herufi hazikuniacha.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Bosi amekanyaga zulia na buti zake.

Ijumaa, 15 Machi

Bosi alikuwa anatafuta mtu wa kukaa kwenye testa, maana wale wawili wako kwenye bodi na lehemu kutwa. Mke mwenzangu akasema, "Si tunaye? Huyu anatunga uzi kwenye sindano huku anagombana na mtu dirishani."

Bosi akanitazama miwani. "Ataweza?"

"Muulize mwenyewe, hajafa," nikamwambia.

Nimeshona miaka arobaini na miwili. Sare za shule, magauni ya harusi, suruali ya hakimu aliyenenepa kati ya kupimwa na kuchukua. Nitashindwa kulaza kifungo shimoni? Wakanifunga waya mkononi kama mbuzi wa kupelekwa mnadani, eti mwili una umeme unaoua aisii. Kimya alinifunga yeye, taratibu, akauliza, "Waya unabana, mama?" Maneno matatu kwa mpigo! Nikasema haubani. Ulikuwa unabana.

Jumatatu, 18 Machi

Kazi ina utaratibu na mimi napenda kitu chenye utaratibu. Kuna aisii moja inayojulikana kwa hakika kuwa ni nzima. Wanaiita shahidi. Kila asubuhi inapimwa hiyo kwanza, mara tatu. Ikiwaka kijani mara tatu ndipo kazi inaanza. Usiposikilizana na shahidi, humpimi mwingine.

Leo nimepima arobaini na moja. Kijani thelathini na nane. Mjukuu alisema ningepima ishirini. Namshukuru Mungu kwa vidole hivi, na namshukuru kwa kunipa nafasi ya kumuumbua huyu mtoto.

Jumatano, 20 Machi

Pini ya kona ilikuwa inalia nikifunga komeo, kama panya aliyebanwa. Nimeitia tone la mafuta ya cherehani, na zile nyingine pia zisije zikaona wivu. Sasa inashuka laini. Watu wanaacha chuma kikavu halafu wanajiita mafundi.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Jioni nimeshona mapazia ya jirani palepale mezani. Flana inatoa manyoya hiyo, nimepiga chafya hadi mbavu zinauma.

Jumatatu, 25 Machi

Shahidi amewaka nyekundu. Mara ya pili kijani, ya tatu kijani. Kimya alikuja akasimama, akaangalia, akaenda. Bosi kasema ni unyevu, tuendelee.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Nyekundu kumi na moja.

Jumatano, 27 Machi

Nyekundu kumi na tisa. Mjukuu ananitazama kana kwamba nazila. Nimesafisha meza, nimekung'uta kifuniko, nimeongeza tone kwenye kila pini. Mimi ninayejua kutunza mashine nafanya langu, wao na wafanye lao.

Alhamisi, 28 Machi

Wameleta feni. Feni imepeperusha vitambaa vyangu nyumba nzima. Nyekundu ishirini na sita.

Jumanne, 2 Aprili

Leo kumekuwa na maneno.

Asubuhi shahidi alikataa mara zote tatu. Kimya alikuwa ameshabadilisha waya, amebadilisha taa, amebadilisha springi kumi. Bosi akaingia anachuruzika maji, akasoma daftari la testa kutoka juu hadi chini, uso ukamshuka.

"Hii ni ya nani?" akauliza, anaigonga testa kwa kidole.

"Yangu," Kimya akasema.

"Nilikwambia tununue iliyotengenezwa kiwandani. Ukasema yako itatosha. Sasa nina aisii sabini na kitu sijui ni mbovu au nzima, nina hospitali inanipigia kila siku, na nina chombo kinachomkana shahidi wake mwenyewe. Utaniambia nini?"

Kimya alikuwa ameshika kitambaa, anapangusa mkono uliokuwa safi.

"Nakupa hadi Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe kumi na mbili. Testa isipotulia, kazi hii nampa mwingine na wewe tunaagana. Sina namna."

"Bosi, miaka kumi na minne!" mjukuu akasema.

"Naijua hesabu. Nilikuwepo."

Mimi niliona Bosi ana haki. Mtu anayejenga kitu kwa miezi minane halafu kinashindwa na mvua ya wiki mbili, amejenga nini? Na huo ukimya wake sikuupenda tangu mwanzo. Mtu asiyejitetea huwa ana la kuficha. Jioni nikaongeza tone, nione kama mkono wangu utaokoa palipomshinda yeye.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Kimya kajaribu chache nyingine hata hivyo. Nyekundu zote. Zote!

Ijumaa, 5 Aprili

Nitaandika hili kama lilivyokuwa, hata mkono ukikataa.

Mchana tulibaki wawili, mimi na Kimya. Mjukuu alikuwa amekwenda karakanani kuchota matope. Kimya akaomba kitambaa cheupe. Nikampa kipande cha poplini kilichobaki kwenye gauni la ubatizo. Akakitandaza, akachukua koleo dogo, akaanza kung'oa pini moja moja na kuzilaza kwa safu. Nilikaa na sindano yangu nikijifanya sitazami. Anafanya kazi vizuri, lazima niseme. Mkono hautetemeki. Kila pini anailaza kama mtu anayelaza mtoto aliyechelewa kulala.

Alipofika ya kumi hivi, akasita. Akainamisha kichwa. Na mimi nikaona.

Chini ya kila pini, kitambaani, kulikuwa na duara dogo la manjano. Mimi sihitaji kuelezwa duara hilo ni nini. Nimelipigania miaka arobaini na miwili. Nimelifua kwa chumvi, kwa chokaa, kwa machozi, kwenye gauni la bibi harusi siku moja kabla ya harusi. Hayo ni mafuta ya cherehani. Na kwenye ncha za pini kulikuwa na manyoya, meupe na ya buluu. Flana ya jirani.

Kimya akazitazama pini. Kisha akageuza macho, taratibu, yakafika kwenye cherehani, yakafika kwenye chupa ya mafuta iliyo pembeni mwake, yakataka kuja kwangu, yakarudi. Hayakufika kwangu. Aliyazuia, nilimwona akiyazuia.

Akakunja kile kitambaa mara nne, akakitia mfukoni.

Mlango ukafunguliwa, Bosi huyo na buti zake. "Umepata?"

"Nimepata," Kimya akasema. "Kosa ni langu. Nitazisafisha."

"Kosa gani?"

"La kwangu."

Bosi akavuta pumzi kama mtu anayeinua gunia. "Basi sikiliza, nimechoka. Ijumaa ni Ijumaa." Akatoka.

Na mimi? Mimi mwenye mdomo unaojulikana mitaa mitatu, niliufyata. Nilikata uzi ambao haukuwa na haja ya kukatwa. Kimya akachukua mwavuli wake, akasema, "Kwaheri, mama," kama siku zote.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Sijala.

Jumapili, 7 Aprili

Mjukuu ameniuliza kama naumwa. Nimemwambia aangalie mambo yake. Halafu nikamwita tena, nikamchana nywele, ana miaka thelathini na moja. Hakuuliza kitu. Nashukuru.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimekwenda. Nilivaa viatu vya kanisani kwa sababu mtu akienda kujishtaki asiende na kandambili. Daftari hili nililifunga kwenye mfuko wa plastiki nikalitia kifuani, nikatembea kwa mwavuli hadi karakanani kwao. Bosi alikuwa ndani na ndoo, anakomba tope, nguo amezikunja.

"Shikamoo, Bibi! Kuna nini? Nani kaumia?"

"Marahaba. Hajaumia bado. Ijumaa ndiyo unataka kumuumiza."

Akaweka ndoo chini. "Bibi, nakuheshimu sana, lakini hayo ni ya kazi."

"Ndiyo yaliyonileta. Kaa chini."

"Nikae wapi? Kote tope."

"Basi simama. Lete daftari la testa."

Akalileta. Nikafungua langu. Nikamsomea, na sijawahi kusoma kitu kigumu hivyo: tarehe ishirini Machi, nimeitia tone na nyingine zote pia. Yeye akasogeza kidole kwenye lake. Tarehe ishirini na tano, shahidi nyekundu mara moja. Mimi, tarehe ishirini na saba, nimeongeza tone. Yeye, tarehe ishirini na nane, ishirini na sita. Mimi, tarehe mbili Aprili, nimeongeza tone. Yeye hakusoma tena.

"Mafuta gani, Bibi?"

"Ya cherehani. Mazuri, siyo ya vichochoroni."

"Bibi." Akajishika kiuno. "Pini inatakiwa iguse mguu wa aisii chuma kwa chuma, kukavu. Ukipaka mafuta ni kama umemvisha mtu glavu halafu unamwambia apapase unyoya. Na manyoya ya vitambaa yananasa humohumo."

"Sasa najua. Sikujua. Kwangu mimi mashine usipoitia mafuta umeionea."

"Na yeye alijua?"

"Alijua Ijumaa. Aliona mafuta, akaona chupa, akakuambia kosa ni lake ili mimi nisiaibike nyumbani kwangu. Na mimi nikamwacha aseme. Hilo ndilo lililonitoa kitandani, siyo mafuta."

Bosi akaanza kucheka, cheko la mtu aliyekuwa karibu kulia, hadi akakaa kwenye tope lenyewe. "Ningemfukuza mtu wa miaka kumi na minne kwa tone la mafuta."

"Ungemfukuza, na mimi ningekuacha. Tungekuwa wawili."

Akafuta macho kwa kiwiko. Akasema mkataba wa hospitali bado uko pale pale, pini zikisafishwa. Nikamwambia zitasafishwa, ainuke atapata baridi. Namshukuru mwanamke huyu. Angeweza kunitukana na angekuwa na haki, na mimi ningejibu, na tungeharibu kila kitu.

Kurudi, nikamkuta Kimya mezani. Nilisimama, sikukaa.

"Nimemwambia Bosi. Ni mimi. Kwa nini ulinyamaza, wewe?"

Akafikiri. Nilimngoja. Siku hizi najua kumngoja.

"Tangu niitengeneze," akasema, "hakuna mwingine aliyewahi kuitunza. Ni wewe tu, mama."

Nikaenda jikoni kupika kitu, sikumbuki nini.

Jumanne, 9 Aprili

Pini sitini na nne, spiriti, brashi ya manyoya matatu, miwani mbili moja juu ya nyingine. Kimya anang'oa, mimi nasafisha, yeye anakagua kwa kioo cha kukuzia. Zile safi anazilaza kulia. Nimesafisha ishirini na mbili. Alinirudishia mbili. Nilikasirika, nikaangalia kwa kioo, alikuwa sahihi. Cherehani nimeihamishia chumbani kwangu, mlango umefungwa.

Jumatano, 10 Aprili

Ishirini na saba. Amenirudishia moja. Mvua imepungua.

Alhamisi, 11 Aprili

Zimekwisha. Amezirudisha mahali pake zote, kwa mpango, anaijua kila moja kama mwalimu anavyojua watoto wake. Nilimuuliza alijifunza wapi. Akanieleza! Nusu saa. Baba yake alikuwa fundi saa, na yeye alianza kushika koleo kabla ya kushika kijiko sawasawa. Huyu mtu si mkimya. Ni sisi tunaosema haraka mno hapati nafasi ya kuingia.

Ijumaa, 12 Aprili

Bosi alifika saa mbili kamili. Hakuna aliyekaa. Kimya akanipa shahidi nimlaze mimi. Nilimwambia alaze yeye, chombo ni chake. Akatikisa kichwa. Basi nikalaza, nikafunga komeo.

Kijani.

Nikafungua, nikafunga. Kijani. Mjukuu akanishika bega, nikamwambia atoe mkono, ana umeme. Nikafungua, nikafunga. Kijani.

Bosi alimpa Kimya mkono, akasema mbele yetu sote, "Nilikosea kusema vile. Chombo chako ni kizuri." Kimya akasema, "Sawa." Tumerudi kwenye neno moja, lakini lile lilikuwa limeshiba.

Jumatatu, 15 Aprili

Tumepima upya zote zilizowaka nyekundu tangu nilipoanza kutia mafuta. Katika themanini na moja, sabini na nne ni nzima. Saba mbovu kweli. Saba hizo nimezitazama sana. Zinafanana kabisa na nyingine.

Ijumaa, 19 Aprili

Bodi zinakwenda. Mjukuu amechoma kidole kwa lehemu. Nimempulizia kama mtoto, mbele ya Bosi.

Jumatatu, 29 Aprili

Bodi zote ishirini zimekamilika, zimo maboksini. Kimya alikagua ya mwisho mara nne. Gari limekuja, wamebeba. Nyumba imekuwa kubwa ghafla, siipendi.

Alhamisi, 2 Mei

Jua. Muuguzi mkuu alituma neno kwamba tuje tuone, sisi wanne. Nilidhani ni adabu tu, nikataka kukataa. Mke mwenzangu akasema nikikataa atanibeba.

Chumba kina joto na utulivu. Maboksi sita yana watoto tayari. Muuguzi akatusogeza kwenye moja. Ndani kuna msichana wa siku tatu, mdogo kama kola ya shati iliyokunjwa, kifua kinapanda na kushuka haraka kama kinachelewa mahali. Juu ya kidhibiti kuna namba, na namba haikuchezacheza. Mama yake alikuwa kwenye kiti, miguu imevimba, akatuuliza kama sisi ndio madaktari.

Bosi akasema hapana. Mjukuu akasema hapana. Kimya akasema, "Huyu mama alizipima aisii zote," akanionyesha mimi. Sentensi nzima, mbele za watu.

Nilitaka kumwambia yule mama ukweli, kwamba mimi ndiye niliyekaribia kuharibu. Lakini alikuwa ameshanishika mkono na hakuuachia, na mimi sikuuvuta. Nikawatazama wenzangu watatu waliovamia meza yangu. Mungu akitaka kukupa watu haombi ruhusa. Nashukuru hakuomba kwangu, ningemkatalia.

Sasa nisikilizwe, maana kuna jambo la kufanywa. Maboksi yale yana vioo juu, na taa za wodini zinampiga mtoto machoni mchana kutwa. Wameweka taulo, taulo linateleza. Yanahitaji vifuniko vya kitambaa, ishirini, pamba, rangi ya giza, viwe na kamba pembeni na nafasi ya kuona namba. Mke mwenzangu, najua unasoma daftari hili nikisinzia. Kesho asubuhi ukaninunulie mita ishirini na tano, ukifue kitambaa mara mbili kabla hakijanigusa, nisione unyoya hata mmoja. Na umwambie Kimya aniletee vipimo vya boksi. Asitume karatasi, aje mwenyewe, na aje na njaa.